Siku ya afisa uhusiano anayeanza kazi, saa kwa saa

Maji yakikatika mtaani, wa kwanza kulaumiwa ni fundi. Wa pili ni wewe, uliyeajiriwa kuwaambia watu kwa nini yamekatika na yatarudi lini. Nilianza kazi ya uhusiano kwenye mamlaka ya maji ya mji mmoja wa pwani, nikiwa afisa wa daraja la chini kabisa, na mwongozo huu nauandika kwa kijana aliyemaliza chuo juzi, ameshika barua yake ya ajira na anaripoti Jumatatu. Nitaifuata siku moja tu, tangu alfajiri hadi usiku. Huenda umepangiwa benki, hospitali, halmashauri au kiwanda. Mambo yatakuwa mengine, lakini mwendo wa siku haupishani sana.

Shika hili tangu mwanzo: watu watakupima kwa saa. Ulisema utampigia saa ngapi, ukampigia saa ngapi. Ulisema huduma inarudi lini, ikarudi lini. Lugha nzuri, picha nzuri na suti nzuri vinakuja baada ya hapo.

Saa 12 asubuhi: redio kabla ya chai

Redio na televisheni zetu nyingi hupitia kurasa za mbele za magazeti kila asubuhi. Fungua redio ukiwa unajiandaa. Ukiwa kwenye daladala, pitia kurasa za mtandaoni za Mwananchi, Nipashe na HabariLeo, kisha ingia JamiiForums na kurasa za watu wa mji wako zenye wafuasi wengi. Usisome kila kitu. Tafuta mambo matatu tu. Je, ofisi yenu imetajwa? Je, taasisi inayofanya kazi kama yenu mkoa mwingine imetajwa kwa jambo linaloweza kuwafikia nanyi? Na je, kuna jambo linalozungumzwa mtaani ambalo halijafika gazetini bado? Hili la tatu ndilo watu hulisahau, nalo ndilo lenye faida kuliko yote.

Kuwa na daftari. Simu huzima, daftari halizimi.

Saa 1:30 asubuhi: muhtasari wa ukurasa mmoja

Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30. Ukifika, kazi ya kwanza ni kumwandalia mkuu wa kitengo muhtasari wa habari, na uwe mezani kwake, au kwenye simu yake, kabla ya saa 2:30. Ukurasa mmoja unatosha. Kwa kila habari andika jina la chombo, ukurasa au saa ilipotangazwa, kinachosemwa kwa sentensi mbili, na pendekezo lako: tujibu, tusubiri, au tuache.

Hiyo sehemu ya pendekezo wengi wanaoanza huiogopa. Iandike. Mkuu akikataa utajifunza kwa nini amekataa, na baada ya miezi mitatu mtakuwa mnawaza karibu sawa. Jambo jingine: usifiche habari mbaya. Iweke juu kabisa. Mkurugenzi asipoisikia kwako saa 2, ataisikia kwa jirani yake saa 4, na kuanzia siku hiyo muhtasari wako hautasomwa.

Saa 2:30: nenda kwa wanaopokea simu

Kila ofisi ina watu wanaojua hali halisi kabla ya wakubwa. Kwetu walikuwa akina dada wawili wa huduma kwa wateja. Nilikuwa nawapitia kila asubuhi, nasalimia, kisha nauliza swali moja: usiku wa kuamkia leo, mtaa gani umepiga zaidi? Siku wakisema simu nane zimetoka mtaa mmoja, najua kuna jambo pale hata kama kwenye ripoti ya mafundi hakuna kitu.

Baada ya hapo jibu maoni ya kwenye Instagram na Facebook. Acha ule mtindo wa kumbandikia kila mtu "Ndugu mteja, pole kwa usumbufu, tunalifanyia kazi." Mtu ameandika kuwa ana siku nne hana maji na ana mtoto mchanga, wewe unamjibu maneno yaleyale uliyomjibu aliyeuliza bei ya mita. Atakasirika, na ana haki. Jibu linalosaidia linataja jambo lake: "Ndugu, pole sana. Mtaa wenu unapata maji kwa mgao Jumanne na Ijumaa. Kama jana hayakufika, tutumie namba ya mita kwenye ujumbe wa faragha, fundi wa kanda akupigie kabla ya saa 6."

Zingatia hilo la faragha. Usimwombe mteja aweke hadharani namba ya simu, namba ya akaunti wala jina kamili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na hata kabla ya sheria hiyo matapeli walikuwa wanachota namba kwenye maoni na kuwapigia wateja wakijifanya watumishi wa ofisi. Ukiona mteja ameweka mwenyewe, ficha maoni hayo kisha mwandikie pembeni umweleze kwa nini.

Saa 3 na kuendelea: siku inapogeuka

Ratiba itakuwa inasema leo ni kuhariri jarida la ofisi. Halafu simu inalia: bomba kuu limepasuka.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu wanakimbilia kompyuta. Kimbilia kwa mhandisi. Kama hayupo ofisini, panda gari au bodaboda umfuate kwenye eneo la tukio. Taarifa iliyoandikwa na mtu aliyeona shimo kwa macho yake huwa na ukweli ambao aliyekaa kwenye kiti hawezi kuupata.

Nakumbuka siku moja nilimkuta injinia wetu, mzee wa makamo, amesimama kwenye tope hadi kwenye mashavu ya miguu, akisubiri pampu imalize kunyonya maji shimoni.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Umeshafika na daftari lako."

"Watu wanauliza yatarudi lini."

"Waambie jioni."

"Jioni ya saa ngapi, mzee?"

Alilitazama shimo, akamtazama fundi wake aliyekuwa anapima maungio kwa futi ya chuma, akahesabu kimya. "Tukikauka hapa saa 7, tukafunga, tukajaza bomba taratibu… andika saa 4 usiku. Tukimaliza saa 2 hakuna atakayelalamika."

Hiyo ndiyo saa ya kuandika: saa ya mbali kabisa ambayo mwenye kazi yuko tayari kuisimamia. Mafundi wana moyo, na ukiwauliza haraka watakupa saa wanayoitamani. Uliza mara ya pili, kwa adabu, mpaka upate saa wanayoiamini.

Kabla hujaondoka, hakikisha daftari lina majibu haya: nini kimetokea, wapi hasa, saa ngapi kiligundulika, sababu inayojulikana hadi sasa, mitaa ipi imeathirika kwa majina yake, hospitali na shule zipi zimo, nini kinafanyika, na mwananchi afanye nini wakati anasubiri. Kama sababu haijajulikana, andika kuwa uchunguzi unaendelea. Usikisie. Ukisema ni uchakavu wa bomba, kesho ikabainika kuwa mkandarasi wa barabara ndiye aliyelitoboa, umewasingizia wenzako na umemwokoa asiyestahili kuokolewa.

Kuandika taarifa kwa umma

Inasimuliwa kuwa taarifa kwa vyombo vya habari ilianza kwa ajali. Oktoba 1906 treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, Marekani, ikaua watu zaidi ya 50. Ivy Lee, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo, aliandika maelezo ya kilichotokea akawapa waandishi kabla uvumi haujatangulia. Alichokifanya ndicho unachotakiwa kukifanya leo: kuwahi, ukiwa na ukweli.

Injinia atakuambia: "Rising main ya DN 400 imefeli kwenye joint." Mama lishe wa Majengo haijui lugha hiyo. Mwandikie kuwa bomba kubwa la inchi 16 linalopeleka maji kwenye tenki limeachia kwenye maungio. Maana ni ileile, na injinia akiisoma hatapinga.

Rasimu yangu ya kwanza nilipoanza kazi ilikuwa inafunguka hivi: "Mamlaka inapenda kuwataarifu wateja wake wote na wananchi kwa ujumla kuwa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu kutakuwa na upungufu wa huduma katika baadhi ya maeneo." Isome tena. Hakuna mahali, hakuna saa, hakuna sababu. Mkuu wangu aliikata yote kwa mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Mimi nakaa wapi? Nakinga maji au sikingi?" Swali hilo lilinifundisha kuliko muhula mzima. Ukimaliza rasimu yoyote, jiulize kama mtu aliyesimama na ndoo mkononi amepata jibu lake kwenye aya ya kwanza.

Aya hiyo baada ya kurekebishwa ilikuwa hivi: "Wakazi wa Majengo, Kisimani na Msikitini hawatapata maji leo Jumatano kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 4 usiku, kwa sababu bomba kubwa linalojaza tenki limepasuka. Mafundi wapo eneo la tukio. Magari ya maji yatapita hospitalini na shuleni kuanzia saa 6 mchana." Baada ya hapo unaweza kuweka maneno ya mkurugenzi, namba ya huduma kwa wateja, na mwisho kabisa "Imetolewa na" pamoja na jina la kitengo na tarehe.

Sasa nikueleze kosa langu, maana linaweza kukupata kirahisi. Mwaka wangu wa kwanza tulitoa tangazo la matengenezo kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwa Kiswahili niliandika saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kwenye nakala ya Kiingereza nikazihamisha namba kama zilivyo: mbili ikabaki mbili, kumi na mbili ikabaki kumi na mbili. Anayesoma Kiingereza akaelewa kuwa maji yanakatika usiku wa manane na yanarudi adhuhuri. Mchana mwenye nyumba ya wageni alinipigia. Hakugomba. Aliniambia tu kwamba ana wageni kumi na wanne waliotoka ufukweni na chumvi mwilini, shuka zote ziko kwenye povu, na alituamini. Neno hilo la kutuamini lilinikaa siku nyingi. Tangu hapo kila saa kwenye taarifa naiandika pamoja na kipindi chake, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na nakala ya Kiingereza inasomwa na mtu wa pili ambaye kazi yake ni kuangalia saa na tarehe peke yake.

Kupitisha rasimu kuna njia mbili, na usizichanganye. Injinia anathibitisha ukweli. Mkuu wa kitengo au mkurugenzi anaidhinisha kutoka. Injinia asianze kukurekebishia sentensi, na mkurugenzi asibadilishe saa bila kumuuliza injinia. Mpelekee kila mmoja na umwambie waziwazi unataka akuangalizie nini, pia mpe muda: "Bosi, naiomba kabla ya saa 5, redio wana taarifa ya habari saa 7."

Kuisambaza ifike kweli

Barua pepe kwa wahariri, kundi la WhatsApp la waandishi wa mkoa, kurasa za ofisi mtandaoni: hayo yote ni ya dakika kumi. Kwenye barua pepe bandika maneno yenyewe mwilini mwa ujumbe, usitume faili peke yake. Mhariri aliye mbioni hafungui faili.

Lakini mtu wa kwanza kukatikiwa maji mara nyingi hayupo kwenye barua pepe wala Instagram. Pigia redio ya mji wenu. Watumie ujumbe wenyeviti wa serikali za mitaa. Kuwa na namba zao zote, na uzihakiki kila baada ya uchaguzi wa mitaa. Waombe wa msikitini na kanisani watangaze ikiwa ni siku ya ibada. Kama mtaa ni mkubwa na katizo ni la zaidi ya siku moja, omba gari la matangazo. Kwa uzoefu wangu gari lile lenye spika juu lilipunguza simu za malalamiko kuliko chochote tulichowahi kuweka mtandaoni.

Tarajia pia taarifa feki yenye nembo yenu. Ikitokea, piga picha ya hiyo feki, igonge maneno makubwa kuwa si ya kweli yakatishe katikati, itoe kupitia kurasa rasmi pamoja na maelezo sahihi, na uwapigie waandishi wawili watatu unaowaamini. Usiisambaze ikiwa safi bila alama, hata kama unaikanusha.

Mwandishi anapopiga simu

Pokea. Andika jina lake, chombo chake, swali lake kwa maneno yake, na saa yake ya mwisho ya kupeleka habari. Kisha sema: "Ahsante kaka, naomba nilifuatilie. Nitakupigia kabla ya saa 8." Halafu mpigie kabla ya saa 8, hata kama jibu bado hujalipata. Mwambie umefika wapi. Mwandishi anayejua kuwa unapiga atakusubiri kabla ya kuandika. Asiyejua ataandika kuwa juhudi za kuupata uongozi ziligonga mwamba, na atakuwa hajakosea.

Wewe unayeanza si msemaji. Kwenye taasisi nyingi msemaji ni mkuu wa taasisi au aliyemkasimu. Usiache kujua nani anaruhusiwa kunukuliwa, na usimwambie mwandishi "hii usiiandike" ukidhani umejikinga. Usichotaka kukisoma kesho, usikitamke leo. Vilevile, usiseme "sina la kusema." Kuna daima la kusema lililo kweli: mafundi wapo eneo la tukio, tunafuatilia, tutatoa taarifa saa fulani.

Mkutano na waandishi, na suala la bahasha

Siku nyingine utaambiwa uandae mkutano na waandishi wa habari. Fika saa mbili kabla. Jaribu kipaza sauti, angalia dirisha lisiwe nyuma ya msemaji maana picha zitatoka giza, weka vibao vya majina, chapisha nakala za taarifa. Kwenye karatasi ya mahudhurio omba kila mwandishi aandike jina lake, chombo na simu. Anza kwa saa uliyowaalika. Mkurugenzi akichelewa, toka uwaambie atafika saa ngapi. Usiwaache wakae kimya wanakutazama.

Halafu linakuja lile linalozungumzwa kwa sauti ya chini: nauli. Waandishi wengi wa mikoani ni wa kujitegemea, hulipwa kwa habari iliyotoka, na wengine hutumia fedha zao kukufikia. Naiheshimu hali hiyo. Lakini bahasha inayotolewa kona baada ya mkutano, kwa wengine na si kwa wengine, inamdhalilisha anayepokea na anayetoa, na inaifanya habari yako nzuri kabisa ionekane imenunuliwa. Msimamo wangu ni huu: kama eneo ni mbali, ofisi itoe gari. Kama ofisi ina utaratibu wa kurejesha nauli, ulipwe wazi, kwa kiwango kimoja kwa wote, kwa kusaini, bila kuuliza nani ataandika nini. Kama hakuna utaratibu, usitoe chochote mfukoni mwako. Mwandikie mkuu wako aamue. Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, lina kanuni za maadili za wanahabari. Zisome hata kama wewe si mwandishi, ili usimweke mwenzako kwenye mtego.

Picha

Piga fundi akiwa kazini, piga bomba, piga mama anayekinga maji yaliporudi, kwa ruhusa yake. Wakubwa waliojipanga mstari piga moja tu. Maelezo ya picha yaandike palepale: nani, cheo, wapi, lini, akifanya nini, kuanzia kushoto. Ukisubiri ofisini utasahau jina, na jina likikosewa gazetini mwenyewe atalikumbuka miaka kumi.

Saa 10 jioni hadi usiku

Serikalini muda wa kazi unaisha saa 9:30 alasiri. Siku ya bomba hauishi. Saa 10 toa taarifa fupi ya maendeleo hata kama maji hayajarudi: bomba limefungwa, kujaza kunaanza, bado tunatarajia saa 4 usiku. Kama saa itasogea, sema mapema, kabla saa uliyoahidi haijafika, na ueleze kilichosababisha. Watu huvumilia kucheleweshwa wakiambiwa saa 12; wakiligundua wenyewe saa 4 usiku na ndoo tupu, hawavumilii.

Saa 2 usiku kaa mbele ya televisheni. Tazama mmetajwaje, andika saa na sekunde. Kama kuna kosa la ukweli, mpigie mwandishi mwenyewe kwanza, kwa upole, umwombe sahihisho; kumrukia kwa mhariri wake iwe hatua ya mwisho. Kama kosa ni kwamba hukuipenda tu habari, acha.

Weka simu kwenye chaji. Injinia akikupigia kuwa valvu zimefunguliwa, usitangaze bado. Maji hupita kwanza mitaa ya bondeni, na mtaa wa mwinuko unaweza kuchelewa hata saa nzima. Mpigie mwenyekiti wa mtaa wa mwisho, ule ulio juu kabisa, umwombe afungue bomba la uani kwake. Subiri kwenye simu. Mwanzoni utasikia upepo, halafu mikoromo, halafu maji. Mwambie ahsante, tuma ujumbe kwenye kundi la waandishi na kwenye kurasa za ofisi, andika saa kwenye daftari, ulale.